Jua la Februari, harusi ya Dunga na salio lililozuiwa

Harusi ilifanyika Jumamosi moja mwishoni mwa Februari, Kisumu. Ibada ilikuwa kanisani mjini, picha za maharusi na za ukoo zikapigwa kando ya ziwa upande wa Dunga, kisha wageni wakala na kucheza kwenye uwanja wa nyasi wa hoteli moja hukohuko ufukweni. Albamu ilipoletwa, mama wa bibi harusi aliikagua ukurasa kwa ukurasa, akaifunga, na kukataa kutoa salio, ambalo lilikuwa nusu ya malipo yote. Mpiga picha, kijana wa kutoka Kakamega anayefanyia kazi zake mjini, alijitetea kwa neno moja tu: jua.

Nina studio Kondele, hapahapa Kisumu, tangu enzi za filamu, na pande zote mbili zinanijua. Nikaombwa nikae katikati. Nilikubali kwa sharti kwamba nisioneshwe albamu kwanza. Niletewe faili ghafi za kamera zote mbili, zilizochaguliwa na zilizotupwa, pamoja na jumbe za WhatsApp ambamo kazi ilipangwa, maana mkataba mwingine haukuwepo. Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa yao, majina nimeyaacha.

Sharti lilikuwa na sababu. Faili ya kamera huja na kumbukumbu zake: saa na dakika, kasi ya shata (muda ambao kamera inaufungulia mwanga), upenyo wa lenzi, ISO (jinsi kamera ilivyowekwa kuwa nyepesi kwa mwanga), na lenzi ilikuwa imevutwa kiasi gani. Watu walioshinda juani hukumbuka siku kwa jinsi walivyoumia. Mama alishikilia kwamba picha ya ukoo ilipigwa “jioni jioni hivi”. Faili inasema saa nane na dakika 20 mchana. Kijana alishikilia kwamba kamera ya video ilijizima “baada ya muda kidogo tu”. Ilikuwa imerekodi mfululizo kwa zaidi ya nusu saa. Kulikuwa na kikwazo: saa ya kamera ya pili, iliyoshikwa na msaidizi, haikuwa imerekebishwa. Nikatafuta tukio lililonaswa na kamera zote mbili, nikalipata pale kisu kinapogusa keki, nikapima tofauti na kuzisogeza saa zote za kamera ile. Bila hivyo ningemhukumu msaidizi kwa mambo yaliyotokea akiwa bado njiani kutoka kanisani.

Malalamiko ya mama yalikuwa mengi na alikuwa ameyaandika kwenye daftari. Maharusi wakiingia uwanjani picha hazina ukali. Picha ya ukoo, nyuso ni giza. Gauni la binti yake kando ya ziwa limekuwa jeupe pepepe, nakshi alizozilipia hazionekani. Video inakatika wazee wakiwa katikati ya baraka. Picha za keki zina ukungu. Na chini ya hema, akasema, watu wamekuwa na rangi ya machungwa. “Mwanangu,” alimwambia kijana, “mimi nililipia picha. Sikulipia ukungu.” Kijana akajibu, “Mama, hata wewe uliona lile jua.” Hapo ndipo walipokuwa wamekwama kabla ya kuniita.

Tulipe jua haki yake kwanza. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kusini yake kidogo tu, mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Januari hadi Machi mwanzoni, kabla ya mvua za masika kushika, joto la mchana hupita nyuzi 30 bila mtu kushangaa. Nyuzi hizo zinazotajwa kwenye taarifa ya hali ya hewa hupimwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe kinachopitisha hewa. Kamera nyeusi iliyosimamishwa juani hupata joto zaidi ya hewa inayoizunguka. Watengenezaji wengi huandika kwenye kijitabu kwamba kamera imekusudiwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 40, na simu nyingi mwisho wake ni 35. Hewa ikiwa 32, chuma cheusi kwenye jua la mchana huvuka 40 mapema, hata kabla chombo hakijaanza kujichemsha chenyewe kwa kufanya kazi.

Tena liko jambo ambalo kamati za harusi za huku kwetu hazilitilii maanani. Saa sita ya mkononi si saa sita ya jua. Saa za Kenya zimefuata longitudo ya 45 mashariki, nasi Kisumu tuko kwenye 34.75 hivi, kwa hiyo jua letu linachelewa. Mwishoni mwa Februari hufika kileleni ikikaribia saa saba. Saa nane na dakika 20, saa iliyopigwa picha ya ukoo, jua lilikuwa bado digrii 65 hivi juu ya upeo wa macho. Anayesema “tupige saa nane, litakuwa limeshapoa” anajidanganya kwa karibu saa nzima.

Hiyo picha ya ukoo ndiyo iliyowasha moto wote, basi nianze nayo.

Ziwa, ukiwa Dunga, liko upande wa machungwa ya jioni, yaani magharibi. Ndiyo maana watu wa Kisumu huenda huko kutazama jua likizama. Ukitaka ziwa liwe nyuma ya watu wako, ni lazima wao waelekee mashariki. Asubuhi mpangilio huo ni neema tupu: jua linawapiga usoni likiwa chini, maji nyuma yao ni ya samawati, mafunjo yanang'aa. Alasiri mambo yanageuka. Jua liko juu na nyuma yao, linamulika nywele, mabega na vilemba, na nyuso zinabaki kwenye kivuli chao wenyewe huku nyuma maji yakimeta kama bati jipya. Kamera ikiachiwa iamue, hutazama ule mng'ao wote, ikaona kuna mwanga mwingi mno, ikapunguza. Kinachopunguzwa ni nyuso. Mjomba mmoja wa bibi harusi, mzee wa Nyakach mwenye maneno machache, aliitazama nakala hiyo kwangu studioni akasema, “Sisi ni weusi, lakini si weusi hivi.” Hata kijana alicheka.

Sasa, nani aliyechagua saa nane na dakika 20? Jumbe ziko wazi. Wiki mbili kabla, kijana alikuwa ameandika: picha za ziwani zipigwe asubuhi kabla ya kanisa, au kuanzia saa kumi na moja jioni. Mwenyekiti wa kamati akajibu kwamba asubuhi bibi harusi anasukwa na kupambwa, na jioni wageni wa Siaya, Homa Bay na Nairobi watakuwa wameshaondoka. Picha zitapigwa saa tano na nusu, ibada ikiisha. Ibada haikuisha saa tano. Magari ya maharusi yalichelewa, mahubiri yakawa marefu, na saa tano na nusu ikageuka saa nane. Kamati haikuwa na nia mbaya. Mtu wa Homa Bay anataka kufika kwake kukiwa bado na mwanga, na huwezi kumshikilia hadi machweo kwa ajili ya rangi ya anga. Lakini ushauri ulitolewa kwa maandishi, ukakataliwa kwa maandishi. Sehemu hiyo ya deni nilimwondolea kijana.

Haikuwa yote, hata hivyo. Ukiwa umebebeshwa saa mbaya, bado una maamuzi mkononi. La kwanza lilikuwa kuliacha ziwa. Hoteli ile ina jengo la ghorofa moja, urefu wake ni kama mita 7, na kwa jua la digrii 65 upande wake wa mashariki ulikuwa na kivuli cha mita 3 na kidogo. Ni chembamba, lakini safu tatu zikibanana zinaenea. (Kufika saa kumi na nusu kivuli hichohicho kingekuwa mita 10, na ukoo mzima ungekaa ndani yake pamoja na viti.) Mandhari yangekuwa ukuta, naam, ila wazee wangekuwa na macho. Kijana alisema aliwaza hivyo, lakini bibi harusi alitaka ziwa. Nilimwelewa, kazi ya mpiga picha siku ya harusi ni pamoja na kujua lini umkatalie bibi harusi, na hilo hakuna anayelifundisha.

La pili lilikuwa flashi. Katika faili za mwanzo za mfululizo huo flashi imewaka. Baada ya hapo haiwaki tena. Kijana alisema flashi ilikufa kwa joto, na ni kweli, flashi ndogo za juu ya kamera zina kinga ya kujizima zikichemka. Lakini soma mipangilio: upenyo wa f/4 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), shata 1/1600 ya sekunde, ISO 100. Kwenye jua kali lisilo na wingu hesabu ya zamani ni f/16 na shata ya sekunde moja gawanya kwa ISO, kwa hiyo f/4 na 1/1600 ni sahihi kwa mwanga. Tatizo ni kwamba kamera nyingi hulingana na flashi hadi 1/200 au 1/250 tu. Ukipita hapo flashi hulazimika kupigapiga haraka vipande vipande wakati shata inapita. Inapoteza nguvu nyingi na inachemka upesi. Angeweka f/11 na 1/200, mwanga wa jua ungekuwa uleule, safu zote tatu zingekuwa na ukali, na flashi ingetoa nguvu yake kamili bila kujiua. Isingetosha kuumulika ukoo wote, flashi moja ndogo haiwezi, lakini mashimo ya macho yangepungua. Hili lilikuwa lake, si la jua.

Kuna dai lake jingine kuhusu picha hiyo ambalo nililikataa papo hapo. Alipojaribu kuziinua nyuso kwenye kompyuta, zilijaa chenga, yaani vidoadoa, akasema chenga zimeletwa na sensa, kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera, iliyopata joto. Ni kweli joto huleta chenga: ule mkondo mdogo wa umeme unaojitokeza kwenye sensa hata bila mwanga huongezeka mara mbili kwa kila nyuzi sita hadi nane hivi. Ila madhara yake huonekana kwenye picha zinazofunguliwa kwa sekunde nyingi, kama za nyota. Kwenye 1/1600 ya sekunde hayana nafasi. Chenga za nyuso zile zilitoka kwenye giza lenyewe: ukivuta juu kivuli ambacho hakikupata mwanga wa kutosha, unavuta na takataka zake.

Kabla sijaiacha saa hiyo, niseme jambo ambalo halimo kwenye daftari la mama. Kati ya picha moja na nyingine ya mfululizo wa ukoo kuna pengo la dakika kadhaa, na baada yake shangazi mmoja wa safu ya mbele hayupo. Alikuwa ameketi chini ghafla. Wakamsogeza kwenye mwembe, wakamlegeza kilemba, wakampa maji na kumpepea, akapona. Mara nyingi huishia hapo. Lakini mtu akianza kuongea ovyo au kupoteza fahamu na mwili wake ni wa moto, huenda ni kiharusi cha joto, mwili umepita nyuzi 40, na hapo ni kummwagia maji na kumkimbiza hospitali. Ukiwapanga wazee juani huku ukitafuta lenzi, dakika zile za kutafuta lenzi wanazilipa wao. Panga kila kitu kwanza, wazee waje mwisho.

Picha zisizo na ukali za kuingia uwanjani ndizo nilizofurahia kuzichunguza, kwa sababu kila mtu alikuwa na jibu lake na majibu yote yalikuwa na kasoro. Mama alisema kijana hajui kulenga. Kijana alisema lenzi imeharibika kwa joto. Msaidizi akadhani mkono ulitikisika.

Maharusi waliteremka kwenye gari langoni na kutembea juu ya lami ya maegesho kuelekea nyasi. Kijana alikuwa amesimama mwisho kabisa wa maegesho, lenzi imevutwa hadi milimita 200, kasi 1/2000, anapiga mfululizo. Kwa 1/2000 mkono kutikisika si hoja. Kulenga vibaya nako huacha alama: kitu kingine mbele au nyuma ya mlengwa huwa na ukali, majani, nguzo, kokoto za lami. Hapa hapakuwa na kitu chochote chenye ukali mahali popote. Nikazifungua faili za mfululizo mmoja, moja baada ya nyingine, kwa ukubwa kamili. Katika moja, ukingo wa mtandio ni mkali kidogo na viatu vimepinda. Katika inayofuata, viatu vimekaa sawa na uso umevimba upande. Mstari wa nguzo ya lango unacheza kama mtu anayeuona ndani ya maji.

Hayo ni mawimbi ya hewa. Lami inanyonya jua kutwa nzima, inaichemsha hewa iliyo juu yake, hewa hiyo nyepesi inapanda kwa mapovu yasiyolingana, na kila tabaka la joto tofauti linaupinda mwanga kivyake. Unayaona kwa macho barabara ya Ahero ikionekana kama ina maji mbele. Lenzi ndefu huyakuza pamoja na kila kitu kingine. Hakuna lenzi ya bei gani itakayoyaondoa, wala programu ya kuongeza ukali. Programu huuongeza ukali wa hewa iliyopinda.

Dawa yake ni kupunguza hewa iliyo kati yako na mtu. Kijana angesogea hadi hatua kumi na kutumia lenzi fupi, tatizo lingeisha. Angesimama kwenye nyasi wao wakishatoka kwenye lami, lingepungua sana, kwa kuwa nyasi zenye unyevu hazichemki kama lami. Hata kupanda juu ya kiti husaidia kidogo, maana mawimbi makali zaidi hulala karibu na ardhi. Akauliza, “Mzee, lakini nikisogea si nitaingia kwenye video?” Swali zuri. Ndiyo, angeingia, na hapo ndipo mpiga picha na mpiga video hupaswa kukubaliana kabla gari halijafunguliwa mlango. Hawakukubaliana. Hapa jua lilileta mawimbi, na yeye akachagua kupiga kupitia kwayo. Nilimgawia lawama kubwa kuliko alivyopenda.

Gauni jeupe pepepe lilichukua muda mfupi. Faili za maharusi peke yao ziwani, kama nusu saa kabla ya ukoo, zina ISO 1600. Ilikuwa ISO ya ndani ya kanisa, na ilibaki hivyo. Kwa f/4 kwenye jua lile ISO hiyo ilihitaji shata ya takriban 1/25000. Kamera ilifika mwisho wake, 1/8000, ikakwama hapo, na kila picha ikapata mwanga zaidi ya mara tatu ya uliohitajika. Nyuso zilivutika kurudi. Nakshi za gauni zilikuwa zimeshapotea; palipojaa hapana kitu cha kurudisha. Kamera ilikuwa imewasha namba ya onyo, lakini kioo cha nyuma juani hakisomeki, na kijana alisema aliona picha zinang'aa akadhani ni jua linaloakisi kwenye kioo. Namsadiki. Ndiyo maana watu waliozoea kazi za nje hutazama kupitia kidirisha cha jicho, au hufunika kioo kwa kofia na kusoma histogramu, ule mchoro unaoonesha mwanga umegawanyikaje kwenye picha, badala ya kuamini mwonekano. Kiu na uchovu pia vilimchangia: msaidizi alisema tangu alfajiri bosi wake hakuwa amekunywa kitu zaidi ya chai. Kumhurumia namhurumia, ila gauni lilikuwa mkononi mwake.

Video. Kamera ya pili ilisimamishwa nje ya hema ili ipate wote walio ndani, na kwa hiyo yenyewe ilikuwa juani. Kurekodi kwa 4K, yaani video ya ubora wa juu, kunaichemsha kamera hata kivulini: sensa na kichakataji vinafanya kazi bila kupumzika na mwili mdogo uliozibwa hauna pa kutolea joto. Hata mwaka 2020, Canon ilipotoa EOS R5, kampuni yenyewe ilitangaza kwamba kurekodi kwa 8K, ubora wa juu zaidi ya huo, kungefika kama dakika 20 tu kwenye hewa ya nyuzi 23. Nyuzi 23 kwetu ni asubuhi na mapema. Kamera ya msaidizi ilidumu kuliko hiyo, kisha ikaonesha alama ya kipimajoto na kujizima mzee wa upande wa bwana harusi akiwa ameinua mkono.

Kujizima huko ndiko kulikoiokoa kamera, basi siilaumu. Nilichouliza ni kwa nini hapakuwa na mwavuli. Mwavuli mweupe uliofungwa kwenye mguu wa kamera, kioo cha pembeni kimefunguliwa ili mgongo wa kamera upumue, na kurekodi kwa ubora wa kawaida badala ya 4K wakati wa hotuba ndefu ambazo hakuna atakayezikuza. Hayo yanatosha kwa harusi nyingi za Kisumu. Baadhi ya kamera zina mpangilio wa kuruhusu joto zaidi kabla ya kuzima, nao hapa haukuguswa. Lakini pia mshereheshaji aliombwa asogeze meza ya wazee hatua chache ili kamera iingie hemani, akakataa kwa sababu ya maua. Hili niliwagawia nusu kwa nusu.

Kilichofuata ni kichekesho kibaya. Msaidizi, kwa nia njema kabisa, aliichukua kamera iliyochemka akailaza kwenye kasha la soda, juu ya barafu. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi, na kioo baridi kikikutana nayo huvaa maji mara moja, nje na wakati mwingine ndani. Picha za keki ni za baada ya hapo. Ukungu wake unaonekana ukipungua picha kwa picha, wa mwisho ukiwa pembeni tu, jambo linaloonesha kwamba kioo kilikuwa kinapata joto tena. Kile kisu kinachogusa keki, nilichokitumia kulinganisha saa, kilikuwa ndani ya ukungu huohuo. Kamera iliyochemka hupelekwa kivulini, betri hutolewa, mlango wake huachwa wazi, basi. Ikibidi kuitoa mahali pa baridi kwenda penye joto, ifungwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa hadi ipate joto la nje. Maji yatatua juu ya mfuko. Kuhusu keki yenyewe, siagi ilikuwa imeshaanza kuteleza na ghorofa ya juu imeinama. Hilo mama hakulitaja. Keki aliichagua yeye.

Hema nalo. Lilikuwa la vitambaa vyekundu na vya njano kwa zamu, na jua la alasiri lilipenya na kumpaka kila mtu rangi ya kitambaa kilicho juu yake. Rangi moja ingesawazishwa kwa dakika moja kwenye kompyuta. Uso ulio nusu nyekundu, nusu njano, na kidevuni kijani kutokana na nyasi hausawazishiki kwa njia hiyo. Kwa kawaida watu wangetoka nje na kupigwa picha huko, ila siku ile hakuna aliyetaka kutoka. Hema nyeupe huchuja jua na kuwa taa moja kubwa laini juu ya wageni wote, nami huwaomba wateja wangu waitafute hata kama ni ya kukodi kwa bei ya juu kidogo. Rangi za hema zilichaguliwa na kamati. Kijana hakuhusika.

Baada ya hayo tulikaa studioni: mama, mjomba, mwenyekiti wa kamati, kijana na msaidizi wake. Niliwaonesha faili kwenye kioo kikubwa, sikutoa hotuba. Kilichomgeuza mama, nadhani, ni ule mfululizo wa langoni, aliponiona nikipitisha picha moja baada ya nyingine na binti yake akipinda na kunyooka. Alinyamaza, kisha akasema, “Kumbe ni hewa.” Na kilichomgeuza kijana ni ISO 1600, kwa sababu hakuna alichoweza kusema.

Walikubaliana hivi. Mama angelipa robo tatu ya salio. Robo iliyobaki ilikatwa kwa ajili ya gauni na video. Kijana angewapiga maharusi upya Dunga bila malipo, gauni likiwa limefuliwa, saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa mashariki na ziwa nyuma yao. Kamati ilikubali kwamba picha ya ukoo haiwezi kurudiwa na haitadaiwa. Kijana aliisafisha kadiri ilivyowezekana na kuichapisha kwa ukubwa wa kadi ya posta, kipimo ambacho chenga hazionekani sana. Tangu hapo jumbe zake kwa wateja wapya zina mstari unaotaja saa ambazo hatapiga picha za kundi juani, Desemba hadi Machi, isipokuwa mteja akubali kwa maandishi.

Asubuhi ile ya Dunga ilikwenda vizuri. Nakshi za gauni zimeonekana zote, hata zile za mkononi. Limebaki suala la mwanamke aliyempamba bibi harusi kwa mara ya pili. Mama anasema gharama yake iko ndani ya “bila malipo”, kijana anasema yeye alizungumzia picha tu. Waliniomba niamue na hilo pia. Nimekataa.